Maji ya Chupa Namba Saba

Mwezi uliopita tulimzika Mama Generosa kule Mchombe, kando ya kaburi la mumewe, kaburi ambalo ndani yake hamna mtu. Vijana waliochimba walisita. Mmoja alinifuata nilipokuwa nimekaa na akina mama, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mama. Eti hili la pembeni tuliache umbali gani? Tusije tukamgusa marehemu." Nikamwambia achimbe tu, hamna cha kugusa. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akarudi kwa wenzake akitikisa kichwa. Sikumweleza zaidi. Kilichozikwa mle nilikitengeneza mimi kwa mikono yangu, nikiwa na miaka ishirini na nne, na mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu wa kununa haraka na usingizi mwepesi, kama wanangu wanavyopenda kulalamika. Kabla ya hapo nilikuwa binti wa kawaida tu, mwenye cheti cha maabara na maneno mengi.

Kazi niliyoipata Ifakara, nilipowaeleza watu, walicheka. Nilikuwa nachagua mwani. Si ule wa baharini unaoanikwa kwenye kamba. Huu ni wa maji baridi, mdogo kiasi kwamba hauonekani kwa macho mpaka uwe mwingi, ule unaofanya maji ya dimbwi yawe ya kijani na mawe yateleze. Dokta, ndivyo tulivyomwita sote hata mwenye duka la jirani, aliamini kwamba mahali fulani katika bonde la Kilombero, kwenye mabwawa au majaruba ya mpunga au mitaro, kuna aina inayoweza kutupatia plastiki inayooza. Alitaka viriba vya miche. Vile vyeusi vilimkera, jinsi unavyolima shamba baada ya miaka na kuvifukua vikiwa vizima. Wakati huo mifuko ya plastiki ilikuwa bado haijapigwa marufuku, na Ifakara nzima ilining'inia kwenye michongoma. Namna yenyewe ya kuchagua ilikuwa na ukatili wake. Unachota maji, unayatia kwenye chupa ya kioo, unayapa mwanga, mbolea na hewa ya pampu ndogo. Mwani ukishanawiri, unaunyima mbolea. Unaushindisha na njaa wiki nzima, wiki mbili. Aina nyingi zinageuka njano na kufa. Chache, badala ya kufa, zinaanza kujiwekea akiba mwilini, na akiba hiyo ndiyo plastiki. Tunamtafuta mwenye njaa asiyekubali kufa, Dokta alipenda kusema, na mimi niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu kwa wino mwekundu. Leo nisingeyaandika popote.

Maabara ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Mlabani. Sebuleni, mahali ambapo familia nyingine ingeweka makochi na televisheni, tulikuwa na rafu za mbao zenye chupa arobaini chini ya taa za mirija, kila moja na mrija wake wa hewa. Chumba kimoja cha nyuma kilikuwa changu. Kingine alikaa Mama Generosa, aliyeajiriwa kuosha vyombo vya maabara na kutupikia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni. Mumewe, Wensislaus, alikuwa mvuvi. Miaka miwili kabla sijafika, wakati mto umefurika, alitoka na mtumbwi wake kule Mchombe, mtumbwi ukapatikana, yeye hakupatikana. Nyumba ile haikuwa na dari na kuta hazikufika juu, kwa hiyo tulisikilizana hata kugeuka kitandani. Na chupa nazo zilisikika. Mapovu arobaini kwa pamoja yanatoa sauti ya watu wanaozungumza chumba cha pili kwa lugha ambayo karibu uielewe. Mchana umeme ulipokatika, pampu zilinyamaza zote kwa mara moja, na kila mara nilijikuta nimeinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Nilimwambia Dokta. Akasema nizoee.

Mama Generosa alitupikia wali na kambale wa mchuzi wa nazi, au perege wa kukaanga, na harufu ilipita juu ya kuta zile na kunikuta nikiwa bado na darubini. Yeye mwenyewe alikula wali na mlenda. Nilidhani ni mwiko wa kwao. Siku moja, kwa sababu ya maneno yangu mengi, nilimuuliza mbona samaki anawapika vizuri hivyo na hawagusi. Alikuwa anakomba chungu. Hakuacha kukomba. "Samaki wa mto ule siwali tena, Skola," alisema. "Sijui wamekula nini." Kambale wangu nilimmaliza, nilikuwa na njaa, lakini wa kesho yake sikummaliza.

Sasa nifike kwenye uongo wangu, maana bila huo hakuna kilichofuata. Mwezi wa sita Dokta alinipa orodha ya sehemu za kuchota maji, na namba saba ilikuwa bwawa lililoachwa na mto, nyuma ya mashamba ya Mchombe. Nilishuka kwenye basi la Mlimba na kreti yangu ya chupa. Wanawake waliokuwa wakivuna walinielekeza njia vizuri, kisha mmoja akaongeza, "Ukifika chota uondoke, dada. Usikae." Nilicheka. Nilipokaribia matete, vyura waliokuwa wakipiga kelele tangu barabarani walinyamaza. Hapakuwa na upepo. Ukingoni palikuwa na mtumbwi uliolazwa kifudifudi, mzima, hauna tundu hata moja, na majani yameota kuuzunguka. Mtumbwi mzima ni mali. Nilisimama nikijiuliza kwa nini hakuna mtu aliyeuchukua, hata wa kupasua kuni, na jibu lilivyokuwa linanijia nikaanza kurudi kinyumenyume. Sikuyafikia maji. Nilitoka mpaka barabarani, nikachota kwenye mfereji wa mpunga kando ya daraja la magogo, na kwenye karatasi ya chupa nikaandika kwa mwandiko mzuri: Saba, Bwawa, Mchombe. Nilijiambia maji ni maji. Mbele ya Dokta sikupepesa hata jicho.

Sikujua kwamba mwosha vyombo wetu anasoma kila karatasi kabla ya kupangusa rafu. Wiki ile ile aliniita sebuleni. Alikuwa amesimama mbele ya chupa namba saba, kitambaa mkononi, hajakikamua, maji yanamdondokea miguuni. "Hili ni bwawa la kwenye matete? Lenye mtumbwi?" Nikasema ndiyo. "Ulifika pale mwenyewe?" Kulikuwa na nafasi ya kusema hapana, nafasi pana kabisa, na mpaka leo nikiwa napiga pasi au nasubiri foleni benki huwa nairudia. Nikasema nilifika. Akaniuliza maji yakoje. Nikamwambia ni ya kijani, yametulia. Alinishukuru. Alinishukuru kwa heshima kama nimempelekea salamu kutoka mbali, na hapo ndipo nilipoelewa mtumbwi ule ulikuwa wa nani.

Tulipoanza kuzinyima chupa mbolea, karibu zote zilikwisha. Saba haikugeuka rangi. Ilizidi kuwa nzito, kijani cha kukaribia weusi, na nilipotia rangi ya kupimia na kuchungulia kwenye darubini, kila kijidudu kilikuwa na punje za rangi ya chungwa zinazowaka ndani, zimejaa kama mahindi kwenye gunzi. Dokta alinipiga begani kwa furaha. Lakini chupa ile ilikuwa na tabia. Mwani hufuata mwanga, hilo kila mtu wa maabara analijua. Wa saba uliacha upande wa taa na kujibandika kwenye kioo upande wa giza, upande unaotazama mlango wa Mama Generosa. Niliigeuza chupa. Asubuhi ulikuwa umehama, umerudi kule kule. Niliigeuza mara tatu, kisha nikaacha. Dokta alieleza kwamba mwanga umezidi na unaukimbia, na maelezo hayo yalikuwa sahihi, nimeyasoma baadaye kwenye vitabu. Hayakunisaidia nilipokuwa peke yangu chumbani saa za alfajiri, mapovu yakizungumza, na katikati yake nikaanza kusikia sauti ya mtu kweli. Mama Generosa alikuwa akiipa chupa habari. Paa la Mchombe limevuja, mdogo wako Oswin kaliziba kwa makuti. Mbuzi kazaa mapacha. Aliongea kawaida tu, kama mke anayechambua mboga huku mume amekaa pembeni. Kisha alinyamaza kwa muda wa kutosha mtu kujibu, ndipo aliendelea. Nilivuta shuka mpaka masikioni. Nilijua anaongea na maji ya mfereji, na mimi peke yangu duniani ndiye niliyejua.

Mwezi wa kumi tulipata plastiki yenyewe. Unga mweupe tuliouchuja kwenye mwani wa saba tuliuyeyusha kwa dawa, tukaumwaga kwenye sahani ya kioo, ukakauka ukawa utando mwembamba mfano wa ngozi ya ndani ya yai. Kazi iliyobaki ilikuwa kupima kama unaoza. Nilikata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikavishona kwenye vipande vya chandarua, nikavifukia uani kwa mistari, na kila Ijumaa nilivifukua, nikaviosha, nikavipima uzito, nikavirudisha ardhini. Majirani walisogea uzioni. Hebu fikiria unavyoonekana: binti mgeni, hana mume, kila Ijumaa anafukua vijisanda vyeupe, anavitazama kwa makini, anaandika, anavizika tena. Mwenye duka aliacha kunipa chenji mkononi, akawa anaiweka juu ya meza. Mtoto wa jirani aliyezoea kuniamkia sasa alivuka barabara. Nilinuna, nikasema hawa watu hawakusoma. Ila ukweli ni kwamba nami nilikuwa naogopa kufukua. Kila wiki kipande kilikuwa kimepungua, chenye matundu, laini, na harufu ya udongo wa mvua. Mwishoni chandarua kilitoka kitupu. Mama Generosa alikuwa amenishikia ndoo. "Imekwenda wapi?" aliuliza. Nikamwambia udongo umeila. "Yote? Hakuna mfupa unaobaki?" Nikasema hakuna, mama, inaisha kabisa. Alikipokea kile chandarua kitupu, akakikunja vizuri, akakaa nacho mapajani mchana kutwa.

Baada ya Krismasi alikuja shemeji yake, Oswin, mtu mpole mwenye kikohozi. Walizungumza chumbani, nami nikiwa upande wa pili wa ukuta nilisikia yote. "Shemeji, msiba haujaisha mwaka wa tatu huu," alisema Oswin. "Hatujalia, hatujanyoa, hatujamtaja marehemu kanisani. Wazee wamekaa. Jumamosi ya wiki ijayo tunazika mgomba." Mtu asiyepatikana huzikwa hivyo kwao: shina la mgomba linavishwa sanda, linalazwa kaburini, watu wanalia, basi. Mama Generosa alisema yeye hatamlilia mgomba. "Nikilia nikamzika, halafu akapiga hodi, nitamwambia nini?" Oswin alikohoa kwa muda mrefu. "Wazee wanasema, uje usije, tutazika. Usipokuja, utakuwa umejitoa mwenyewe. Mimi nimejaribu, shemeji. Nimejaribu sana." Alipoondoka alimwachia kilo mbili za mchele na akanipungia mkono mlangoni kwa aibu.

Kesho yake Mama Generosa alinikuta kwenye rafu. Vilibaki vipande vinne vya utando wa saba, na Dokta alikuwa amesafiri kwenda Morogoro kuonyesha matokeo. "Nipe hivyo," alisema. "Hivyo vilikuwa kwenye maji pamoja naye. Vinaoza kama mtu. Hivyo nitaweza kuvilia." Nilivitazama vile vipande. "Sikuombi kingine, Skola. Sitaki kumzika kwa uongo." Nilivifunga kwenye karatasi nikampa, nikamwambia nitamsindikiza. Dokta aliporudi alivitafuta. Nikamwambia vimeoza, jambo ambalo wakati huo lilikuwa limekaribia kuwa kweli. Mkataba wangu haukuongezwa, na fedha za mradi nazo hazikuongezwa, kwa hiyo sijui kama alinifukuza au tulifukuzwa wote. Kwenye ripoti yake, popote ilipo, mwani ule bado unaitwa wa bwawani.

Asubuhi ya Jumamosi, Mchombe, kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Tulikaa nyuma ya nyumba ya Oswin tukichambua mchele wa msibani, mimi na Mama Generosa, ungo mmoja. Vile vipande alikuwa amevifunga kwenye shati la mumewe, shati la kitenge lenye kola iliyolika, na shati lilikuwa magotini kwake. Kila kijiwe nilichotoa kwenye mchele nilisema hiki ndicho cha mwisho, nikikitoa hiki nitasema. Hatimaye nilisema nikiwa nautazama ungo. "Mama, chupa ya saba si maji ya bwawani. Niliogopa. Nilichota kwenye mfereji, pale kwenye daraja la magogo." Vidole vyake viliendelea kuchambua kwa muda kama havijasikia. Kisha akacheka. Nisingependa kukisikia tena kicheko kile. "Kwa hiyo miezi yote hii nimeyaeleza habari za nyumbani maji ya mpunga," alisema. Nilianza kulia, nikamwomba msamaha, nikamwambia anipige. Akasema, "Nyamaza, watu watasikia, tutaanza msiba kabla ya wenyewe." Akaweka ungo chini. "Na mimi sijafika pale, mwanangu. Tangu siku ile. Mtumbwi waliuona wengine, wakaja kuniambia. Kila mtu anadhani nilikwenda. Nilikuwa natembea mpaka kwenye matete, narudi." Ndipo nilipojua kwa nini alinishukuru vile, mwezi wa sita. Aliamini mimi nimeweza.

Alisema hazikwi mtu kabla yeye hajafika bwawani, tukaenda wawili, tukiwa tumebeba shati. Ilikuwa saa nne, jua kali, watu wameinama majarubani kwa palizi, na tulipofika kwenye matete vyura walinyamaza kama walivyoninyamazia mimi. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mkavu. Tulipita pembeni ya mtumbwi bila yeye kuugusa, tukasimama mahali ambapo udongo unaanza kulainika. Maji yalikuwa meusi, si ya kijani hata kidogo. Nilimdanganya hata hilo. Hayakuwa na mwani wowote wa kuonekana. Akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alijitengeneza khanga, akakohoa kidogo kama anayefika kwa watu, akaita, "Hodi." Akangoja. "Hodi, Baba." Akangoja tena, amekaza macho kwenye maji. Mara ya tatu sauti yake ilikatika. "Hodi humu ndani."

Nami nikasikia, "Karibu."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, ya mtu aliye kwenye shughuli zake na hataki kuinuka. Ilitoka upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila maji. Labda alikuwa kiboko. Dokta angesema ni kiboko, na mimi mwenyewe nimeshawaambia hivyo watu wawili watatu. Ila viboko nimewasikia wengi katika bonde lile, na nafahamu wanachosema. Nilimgeukia Mama Generosa. Alikuwa bado anangoja, kichwa kimeinama upande, uso wake mtupu. Hakusikia. Alingoja muda mrefu, mpaka inzi wakatuzoea. Halafu mabega yake yalishuka, nikaona miaka mitatu inamtoka mwilini. "Hayupo," alisema, kwa mshangao. "Skola, hayupo. Twende tukamzike."

Ulimi ulikuwa tayari. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeapa sitamficha tena kitu. Nikasema, "Twende, mama."

Hatukuwa tumefika hata nusu ya njia alipopiga kelele. Sijui niiteje. Alisimama katikati ya tuta, akaweka mikono kichwani, shati likaning'inia, akalia kilio cha mwanamke aliyefiwa, kile ambacho kijiji kizima kilikuwa kinakingoja tangu mwaka ule wa mafuriko. Na watu walikuja. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Waliacha majembe yamesimama matopeni, wanawake wakafungua vilemba na kujifunga viunoni, wakatoka majarubani kutoka kila upande wakikimbia, wakilia nao, Oswin mbele yao hana viatu. Walimzunguka, wakamshika. Mimi nililia kuliko wote. Watu wa Mchombe bado wanalisimulia, jinsi yule binti wa maabara, asiye hata ndugu, alivyomlilia Wensislaus mpaka sauti ikakauka. Nililia kwa nguvu hivyo ili nisisikie kama kule nyuma yetu, bwawani, kuna anayekaribisha tena.